Nyota ya Bama iliyo sandukuni ni ya nani? Na maswali mengine ya ndugu waliokufa vitani

SWALI: Shikamoo mama. Mi naandika kutoka Handali huku Chamwino. Kaka mkubwa wa babu yetu alichukuliwa uaskari vita ya Hitla akawa Keya, yaani askari wa King's African Rifles (KAR), na hakurudi tena. Shangazi anasema alizama na meli akienda Bama, yaani Burma, Myanmar ya leo, baba mdogo anabisha anasema alipigwa risasi hukohuko Bama msituni. Juzi kwenye sanduku la bibi tumekuta nyota ya chuma imeandikwa THE BURMA STAR, nyuma iko plein kabisa hamna jina wala namba. Sasa kuna kijana hapa Dodoma mjini anasema tumpe elfu themanini atutafutie faili Uingereza na fidia ipo. Tumpe? — Mjukuu, Handali

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo elfu themanini ibaki mfukoni kwako, usimpe mtu. Rejista ya waliokufa iko onlaini, inatunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, wenyewe kifupi wanaitwa CWGC, na kuitafuta ni bure, ukiwa na simu janja na bando la jioni moja unaangalia mwenyewe umekaa barazani. Na hiyo habari ya fidia ya wajukuu nayo iache. Misaada ninayoijua mimi kutoka Uingereza ilikuwa ya askari wenyewe walio hai na wajane wao, mjukuu wa mdogo wa marehemu hayumo. Mtu anayeanza na ada kabla hata hajauliza jina la babu yako, huyo anatafuta elfu themanini tu.

Sasa tuje kwenye nyota, maana hapo ndo pana utamu. Nyuma kuwa plein ni kawaida, medali za Uingereza za Vita vya Pili walizitoa bila jina, tofauti na zile za Vita vya Kwanza ambazo ukingoni unakuta wamechonga namba na jina. Kwa hiyo usianze kuisugua na majivu ukidhani maandishi yamefichwa na kutu, utaiharibu bure. Ina pembe 6, na kama utepe wake upo angalia rangi, katikati nyekundu pana halafu kila upande bluu yenye mstari wa chungwa, basi ndo yenyewe.

Ila hii nyota walipewa waliofika eneo la mapigano la Bama na jirani yake. Meli anayoisema shangazi mi nadhani ni Khedive Ismail, ilitoka Mombasa kwenda Colombo, na tarehe 12 Februari 1944 ikapigwa na manowari ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama kwa kama dakika 2 hivi, wakafa watu 1,297, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki wa kikosi cha 301. Wale hawakufika Bama. Kama marehemu wenu alizama na ile meli, nyota hiyo siyo yake. Unaona shida ilipo? Ama shangazi kakosea meli, ama nyumbani kwenu walitoka wanaume wawili kwenda vitani, mmoja akafa mmoja akarudi na nyota, na kwa miaka yote hii mmewasimulia kama mtu mmoja. Ningekuwa mimi swali la kwanza kwa shangazi lisingekuwa alikufaje, ningemuuliza hii nyota ilifika nyumbani lini na kwa mkono wa nani, aliitwa mtu bomani akapewa au kuna babu mwingine alikuja nayo. Muulize taratibu, wakati anapepeta mtama, usimkalie na daftari kama karani wa sensa.

Ukishajua hilo, rejista inakuwa rahisi kidogo. Kama ni meli, majina ya waliozama yako kwenye Mnara wa Afrika Mashariki ndani ya makaburi ya vita Nairobi, barabara ya Ngong, si mbali sana, ukijaliwa nauli unafika. Kama ni Bama, ujue batalioni za KAR za Tanganyika zilizopigana kule ni ya 26 na ya 36, zilikuwa ndani ya Divisheni ya 11 iliyoshuka Bonde la Kabaw kuanzia Agosti 1944, mvua, matope na malaria mpaka wakafika Kalewa mwanzoni mwa Desemba, halafu kuna ya 46 iliyokuwa na Brigedi ya 28 mwaka 1945. Ukikuta jina lenye batalioni mojawapo kati ya hizo na tarehe inaingia humo, hapo moyo uanze kudunda. Kaburi linaweza kuwa Taukkyan karibu na Yangon, na wasio na kaburi linalojulikana majina yao yamechongwa kwenye nguzo za mnara hapohapo Taukkyan, ni kama 27,000, Wahindi, Waingereza na wa kwetu wote pamoja.

Kutafuta jina sasa, hapa ndo wengi wanakata tamaa siku ya kwanza. Usiandike majina matatu kama ya NIDA. Askari wetu wengi waliandikwa jina moja tu, lake au la baba yake, na aliyeandika hajui Kigogo, anasikia tu anaandika. Ndahani anaweza kuwa Dahani, Mdahani, hata Ndaani. Chi inageuka Ki, nh inabaki n, na mwenye jina la ubatizo unamkuta kama Yohana peke yake na Yohana wako wengi mno. Jaribu kila namna, halafu punguza kwa kuchagua jeshi na mwaka. Usiishie 1945 pia, wao wanahesabu waliokufa mpaka tarehe 31 Desemba 1947, kwa hiyo aliyerudi na ugonjwa akafia hospitali ya jeshi 1946 akiwa bado askari naye yumo. Kwenye baadhi ya majina utaona wameongeza mstari, mtoto wa fulani, wa Dodoma, Tanganyika, ukiukuta huo piga skrinshoti kabla bando halijakata.

Na kama alibatizwa kanisa la Anglikana, nenda na heshima zako kwa mchungaji Handali au Mvumi uombe kuangalia daftari la ubatizo. Wamishenari wa CMS, lile shirika la Kianglikana, waliandika vizuri, jina la baba, kijiji, mwaka. Hilo ndo litakusaidia kujua jina gani angelitoa mbele ya karani wa jeshi. Mi kiukweli naliamini hilo daftari kuliko simulizi za ukoo, za kwenu na za kwetu pia.

Ukikuta hayumo kabisa na ushahidi mnao, karatasi, barua, namba ya jeshi, waandikieni hao CWGC wenyewe. Mwaka 2021 walitoa ripoti wakakiri kwamba askari na wapagazi wengi wa Afrika wa Vita vya Kwanza hawakukumbukwa sawa na Wazungu, na wanapokea majina yaliyoachwa. Karatasi msizitume, tumeni picha, karatasi zenyewe zibaki sandukuni kwa bibi.

SWALI: Mama habari za kazi. Kwetu Bahi wazee wanasema babu wa babu alikamatwa na Mjerumani kubeba mizigo ya vita akapotelea njiani. Naye ana jina mahali? — Msomaji wa Bahi

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Huyu wako ni mgumu, nisikufiche. Wapagazi wa pande zote mbili waliondoka kwa maelfu na wachache mno ndo wana jina lililochongwa popote. Ile ripoti niliyoitaja hapo juu inakadiria watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa wakiwatumikia Waingereza kwenye Vita vya Kwanza ambao hawakuandikwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao Waafrika Mashariki na Wamisri, na hapo hatujamhesabu aliyebebeshwa na Mjerumani. Hata ile sanamu ya askari pale Posta Dar, ya 1927, inawataja wapagazi kwa jumla tu, jina la mtu halipo.

Kitu unachoweza kukipata ni muda na njia. Jeshi la Waingereza lilishuka kutoka Kondoa likaingia Dodoma tarehe 29 Julai 1916, Mjerumani akawa anarudi nyuma kufuata reli. Kama alikamatwa na Mjerumani basi ni kabla ya hapo au siku hizohizo, na mizigo ilielekea Morogoro na kusini. Ila waulize wazee vizuri, alipotea kabla ya Mtunya au wakati wa Mtunya? Maana ile njaa ya 1918 mpaka 1920 iliimaliza Ugogo, ng'ombe na nafaka zilishachukuliwa na majeshi halafu mvua ikagoma, watu walihama wakafia barabarani, na koo nyingi zinachanganya aliyechukuliwa na Mjerumani na aliyeondoka kutafuta chakula. Nyaraka za Mjerumani zipo Dar kwenye Kumbukumbu za Taifa, Upanga, siku hizi kwa SGR ni safari ya kawaida tu, nenda na barua ya utambulisho ya kijiji. Ila ni za utawala, mashamba, kodi, misheni, na ni za Kijerumani. Usiende ukitegemea orodha ya wapagazi wa Bahi.

SWALI: Baba yangu mkubwa alikufa Vita vya Kagera. Familia haijawahi kuona kaburi. Tuanzie wapi? — Mama Neema, Kongwa

JIBU: Pole mama Neema. Huyu ni wa karibu kuliko wote hapa. Mashujaa wengi wa vita ile ya 1978 na 1979 wamezikwa Kaboya, wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, ni eneo la jeshi, makaburi yamepangwa vizuri na huwa yanatumika kwenye Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai. Tafuteni kwanza namba yake ya jeshi, kikosi na cheo. Angalieni kwenye karatasi za mirathi au za pensheni ya mjane, mara nyingi mama mkubwa ndo anazo kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro. Halafu andikeni barua Makao Makuu ya JWTZ, muambatishe na barua ya mtendaji wa kata kuonyesha undugu. Muombe vitu viwili kwenye barua hiyohiyo, kuambiwa alizikwa wapi na kibali cha kuingia, maana mkienda Kaboya kienyeji mkafika getini na mashada mtaambiwa mrudi.