Paka wa ndani naye achanjwe?

Dada, umeuliza kama paka asiyetoka nje hapo Ntinda, Kampala, anahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa. Anahitaji. Usiku mmoja dirisha likibaki wazi atatoka apigane na wenzake, basi. Achanjwe akifikisha miezi 3, arudie baada ya mwaka, kisha fuata tarehe za kwenye kadi.

Ila mimi ningemkimbilia kwanza huyo mtoto wa mbwa uliyemtaja. Parvo, ugonjwa wa virusi unaowaharisha na kuwatapisha watoto wa mbwa, huwaua kwa siku chache tu! Chanjo yake huanza wiki ya 6 hadi 8, hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16. Kabla hajamaliza, asichangamane na mbwa wa mtaani, hata jirani akikucheka.