Maswali ya ukokotaji: nguvu farasi hazivuti tishari

Kati ya maswali mliyoniletea kuhusu kukokota tishari (chombo bapa cha mizigo) kwa tagi, yaani meli ndogo ya kuvuta vyombo vingine, nimechagua sita. Mengi yaliyobaki ni lile la kwanza lililovaa nguo tofauti, kwa hiyo nalijibu kwa kirefu nisiulizwe tena mwezi ujao.

Tagi letu lina nguvu farasi 4,000. Litaweza kuvuta tishari la mita 90 kwa 27 lenye mitambo sitahani?

Sijui, na wewe hujui, kwa sababu umenitajia injini. Nguvu farasi hizo hizo 4,000 zinaweza kutoa mvuto wa bolardi (nguvu ya tagi kuvuta likiwa limefungwa kwenye nguzo ya gati) wa tani 40 na kidogo rafadha, yaani panga la kusukuma chombo, ikiwa wazi, au zaidi ya tani 50 ikiwa imezungushiwa pete. Niletee cheti cha mvuto wa bolardi, na kiwe cha mvuto wa kudumu, si ile sindano ya kipimo iliyoruka sekunde kumi ikapigwa picha. Tazama na tarehe yake: rafadha iliyopinda na injini iliyochoka hazisomi cheti.

Kisha geukia tishari. Kwa safari ya bahari kuu, kipimo wanachokitumia sana wakaguzi wa bima ni hiki: tagi liweze kulishikilia tishari lisirudi nyuma kwenye upepo wa mita 20 kwa sekunde, mawimbi ya mita 5 na mkondo wa nusu mita kwa sekunde, vyote vikija kwa pamoja. Upepo huo husukuma kwa kilo 25 hivi kila mita ya mraba inayoukabili. Mitambo yako ikiwa na uso wa mita 20 kwa 15, hizo ni tani 7 na nusu, na bado hujahesabu tishari lenyewe wala mawimbi yanayopiga omo (pua) lake butu. Halafu kumbuka kwamba tani za kwenye cheti zilipimwa kwenye maji tulivu. Baharini tagi hupanda na kushuka, rafadha huchota hewa, na kadiri tagi lilivyo fupi ndivyo linavyopoteza zaidi.

Utaona sijataja uzito wa shehena, ambao ndio humnyima kila mtu usingizi. Uzito hukusumbua unapoanza kuvuta na unapotaka kusimama. Katikati ya safari anayekuvuta kurudi nyuma ni upepo na bahari.

Waya wa milimita 48 unatosha?

Kwa tagi la tani ngapi? Hili nalo huletwa nusu nusu. Tuseme tani 50. Kwa matagi ya tani 40 hadi 90, kanuni iliyozoeleka ya bahari kuu ni kugawanya mvuto kwa 50, kutoa jibu kwenye 3.8, kisha kuzidisha kwa mvuto. Hapa inatoka tani 140. Waya mpya wa milimita 48 wenye moyo wa chuma, wa daraja la 1770 (kipimo cha uimara wa chuma chake), hukatika kwenye tani 148 hivi. Basi unatosha, kwa upana wa ukucha, siku uliotoka kiwandani. Wako una miaka mingapi? Mmewahi kuukunjua hadi tabaka la mwisho kwenye ngoma ya winchi, au mnapaka grisi pale panapoonekana na mgeni?

Tuachane na waya, tutumie kamba ya nailoni tupu?

Hapana. Waya mrefu unaozama katikati kwa uzito wake ndio springi yenu. Wimbi likivuta, unanyooka kwanza kabla ya kukaza. Kipande cha nailoni kati ya waya na hatamu ya minyororo (ile inayoshika pembe mbili za mbele za tishari) kina kazi yake, lakini nailoni ikilowa hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, na ikisugua ukingo wa tezi, yaani nyuma ya tagi, usiku kucha mtaamka na kamba fupi.

Vishikio vya tishari vilichomelewa upya mwaka jana. Kuna haja ya kuvikagua?

Shukeni chini ya sitaha na tochi. Kishikio, pale hatamu inapofungwa sitahani, hakishikwi na weldi peke yake, kinashikwa na fremu na kuta zilizo chini yake. Kilichochomelewa juu ya bati tupu kitang'oka na bati lake, hata weldi iwe nzuri kama cherehani. Kishikio, minyororo ya hatamu, bamba la pembetatu linaloiunganisha na waya, na shakeli (pingu za chuma za kuungia) zote ziwe na nguvu kuliko waya. Shakeli iwe ya boliti, nati na pini ya kuizuia. Ile ya kuskrubu tu iacheni kwenye kreni.

Desemba 2012 chombo cha kuchimbia mafuta, Kulluk, kilikuwa kinavutwa na meli mpya yenye nguvu nyingi, Aiviq, kwenye bahari ya Alaska. Tarehe 27 mkokoto, yaani zana za kuvutia, uliachia kwenye shakeli. Injini za Aiviq nazo zikazima baadaye, na tarehe 31 Kulluk ikapanda ufukweni. Walikuwa na nguvu farasi za kutosha kabisa.

Kamba ya dharura ni lazima hata kwa safari ya siku mbili?

Ndiyo, maana ndiyo mtakayoishika waya mkuu ukikatika. Ifungwe kabla ya kuondoka, na kamba nyembamba inayoelea iburuzwe nyuma ya tishari ikiwa na boya. Usiku wa dhoruba hakuna baharia atakayerukia sitaha ya tishari kutafuta ncha yake, na anayemtuma hafai kuitwa nahodha.

Tulijaribu kifyatuo cha dharura cha kuachia waya tukiwa gatini, kikafyatua. Inatosha?

Mlikijaribu waya ukiwa umelegea. Siku ya shida waya utakuwa umekaza na umekuja ubavuni, na tagi linalazwa kwa sekunde chache tu. Tarehe 19 Desemba 2007 tagi Flying Phantom lilipinduliwa hivyo kwenye Mto Clyde, Uskochi, katika ukungu. Kifyatuo kilibonyezwa, lakini hakikuachia upesi wa kutosha, na watatu kati ya mabaharia wanne walikufa. Jaribuni tena waya ukiwa na mzigo, mkibonyeza kutoka chumba cha sukani, na mrudie mkiwa mmezima umeme. Na milango ya sitahani ifungwe mnapovuta, hata kama jikoni kuna joto.

Mwenye tagi anasema amewahi kuvuta tishari kubwa kuliko hili.

Muulize upepo ulikuwa wa ngapi.