Rasimu ikishakuwa tayari, wadau unawaita kufanya nini?

Mleta uzi, hapo uliposema "rasimu ya mtaala tumeshaiandika, imebaki kuwashirikisha wadau kwenye warsha ya siku moja" ndipo nilipoweka chai chini. Hapo hushirikishi mtu, mkuu. Unawasomea watu hukumu halafu unawapa soda.

Nilikuwa katibu wa kamati ya mapitio ya mitaala kwenye chuo ambacho sikitaji, bado nakula mshahara wao. Tukaletewa mshauri elekezi, suti kali, laptop mbili sijui za nini. Akatuambia: "Andikeni kwanza. Watu wakikuta karatasi tupu wataongea mpaka jioni." Tukaandika. Krediti, yaani vipimo vya uzito wa masomo, zikakaa vizuri, 120 kwa mwaka, kila krediti saa 10 za kujifunza kama TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, wanavyotaka. Kwenye karatasi kila kitu kilipendeza.

Warsha ikawa hotelini, bila shaka, maana ukiifanyia chuoni hakuna bahasha. Wadau wakapewa kitabu kizito dakika ileile wanayokaa. Mwajiri mmoja akasahihisha tahajia ukurasa wa tatu, mwingine akaulizia Wi-Fi. CR (mwakilishi wa darasa) wa mwaka wa pili akanyoosha mkono: "Hizi saa za maabara zilizoongezwa, ni maabara ipi?" Mshauri akatabasamu: "Hilo ni la utekelezaji, mdogo wangu." Tukasaini mahudhurio, tukapiga picha ya pamoja. Kwenye ripoti ikaandikwa wadau "wameshirikishwa kikamilifu". Hilo neno kikamilifu niliandika mimi, kwa mkono huuhuu.

Sasa sikia. Vitendo tuliviongeza kwenye kozi inayosomwa na programu tatu za mwaka wa kwanza, na maabara ya kuwabeba ni moja. Fundi sanifu wa maabara, mzee anayejua mpaka bomba linalovuja, hakualikwa kwa sababu "si mwanataaluma". Mtu wa ratiba naye hakualikwa. Muhula ulipofunguliwa, kundi la mwisho likawa linatoka maabara saa tatu usiku. Mabinti waliopanga mageto mbali na chuo wanasubiri daladala gizani, na bodaboda wakiona tu koti jeupe wanapandisha bei. Kemikali za muhula mzima zikaisha kabla ya test ya kwanza, ripoti za maabara zikawa za kudesa, na orodha ya supp, wale wa kurudia mitihani, ukiitazama ubaoni unatamani kuvaa miwani ya jua usijulikane.

Kurekebisha? Mtaala ukishapita, kuurudisha ni safari: idara, kitivo, kamati ya Seneti, Seneti yenyewe (kikao kikuu cha taaluma chuoni), halafu TCU tena. Wakati huo wale watoto wanaendelea kuumia. Mshauri wetu? Kashalipwa, namba haipatikani. Nasikia anazunguka vyuo vingine, maana tangu HEET, ule mradi wa kuboresha elimu ya juu, ije na zile dola milioni 425 za Benki ya Dunia, kila mwenye projekta amekuwa mtaalamu wa mitaala.

Kwa hiyo shika moja tu: karatasi tupu kwanza. Kaa na watu kabla ya sentensi ya kwanza kuandikwa, mkononi uwe na ratiba ya sasa basi. Muulize fundi sanifu, mkutubi, mtu wa ratiba, CR wa kila mwaka: ni nini kinakwama hapa kila muhula? Lile dodoso unalotaka kuwagawia liweke pembeni. CR wana magrupu ya WhatsApp, watakuletea malalamiko yote wewe bado unachapa swali la umri na jinsia.

Na usinijibu kwamba wanafunzi wana mwakilishi Seneti. Huko jambo linafika likiwa limeshaiva, yeye anaulizwa kama limekolea chumvi. Hasira ya namna hii si ya leo. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1971, rais wa wanafunzi, Akivaga, alimwandikia Makamu Mkuu wa Chuo barua ya wazi, kutoshirikishwa kukiwa mojawapo ya malalamiko, akaishia kukamatwa na kurudishwa kwao Kenya. Sasa hivi hawaandiki barua, wanakurusha mtandaoni usiku huohuo.

Umesema kikao ni mwezi ujao. Rasimu ifungie kabatini, kesho asubuhi nenda kwa mtu wa ratiba. Wahi kabla ya saa nne, baada ya hapo mlango wake umejaa walimu wanaogombea kumbi.