Injini Ikigonga, Weka Spana Chini Kwanza

Mwaka wangu wa pili gerejini, pale Ilala, nilishusha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ya Toyota Carina moja nikiwa na uhakika wote. Gari lilikuwa likigonga kwenye silensa, yaani likiwa limewashwa bila kukanyagwa mafuta, ko-ko-ko, mlio mzito wa chini. Mwenye gari, mzee mmoja wa Tabata, alishaambiwa na mafundi wawili kwamba konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki inayozunguka chini, imekwisha, mimi nikawa wa tatu. Nikafungua kofia za konrodi zote nne, nikakuta metali, zile beringi nyembamba kati ya konrodi na krenki, ziko safi kama zimetoka dukani.

Bosi wangu akaja, hakusema neno. Akaingia uvunguni, akachungulia pale gia boksi inapokutana na injini, akatoka na boliti moja kiganjani. Gari lilikuwa la otomatiki, na boliti zinazoshika toki konveta, ile ngoma inayopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi, kwenye sahani ya flaiwili zilikuwa zimelegea, moja imeshachomoka. Kuna mtu aliwahi kushusha gia boksi akasahau kukaza. Mimi nilikuwa nimemaliza siku nzima, gasketi na oili mpya, na hakuna hata kimoja ambacho mzee yule alistahili kulipia.

Kwa hiyo wadogo zangu mlioanza kushika spana, muulizeni kwanza mwenye gari. Mlio ulianza lini? Unasikika zaidi injini ikiwa baridi au ikishachemka? Akikujibu "tangu nilipopita Jangwani siku ile ya mvua", lile bonde linalofurika, moyo lazima ukushuke. Injini ikivuta maji kupitia filta ya hewa, pistoni inapanda ikutane na kitu kisichokubali kubanwa, na anayelipa ni konrodi: inapinda. Wengi husukuma gari pembeni, wanasubiri likauke, wanawasha, linawaka. Wiki mbili baadaye ndipo wanakuja kwako na kelele.

Baada ya maswali, chomoa kijiti cha oili. Usicheke. Magari mengi ya foleni hapa mjini hayafunguliwi boneti mpaka yasimame yenyewe. Oili ikiwa imeshuka chini ya alama, ongeza na usikilize kabla hujasema lolote. Lakini taa ya oili ikiwa inawaka na injini inagonga, zima hapo hapo. Gari hilo linakuja gereji kwa kuvutwa.

Kusikia kunataka mazoezi. Tik-tik nyepesi ya juu, inayokwenda nusu ya mwendo wa krenki, hiyo ni ya upande wa tapeti na valvu, ingawa ekzosi inayovuja kwenye manifoldi hulia karibu vilevile na imeshawadanganya wengi. Mlio unaosikika asubuhi na kupungua injini ikipata joto, fikiria pistoni iliyolegea kwenye silinda. Konrodi ina tabia ya kinyume: oili ikishachemka na kuwa nyepesi, ndipo inagonga vizuri, hasa ukipiga resi kisha ukaachia. Na kama ni mchakacho wa misumari ndani ya kopo, unaotoka tu gari likiwa na mzigo, tuseme linapandisha mlima wa Pugu, hapo angalia taimingi, joto la injini na mafuta yaliyowekwa. Hiyo siyo kazi ya kushusha sampu.

Shika bisibisi ndefu, ncha kwenye injini, mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, mikono mbali na feni. Halafu toa belti, washa kwa sekunde chache tu, maana kwenye injini nyingi wota pampu inazungushwa na belti hiyo hiyo. Kelele ikipotea, tafuta beringi ya altaneta au ya pampu. Isipopotea, zima silinda moja moja: chomoa soketi ya koili inayotoa cheche, na ya nozeli inayopuliza petroli pia ili petroli mbichi isiende kwenye ekzosi. Ukifika silinda ambayo mlio unafifia, umempata mwenye kosa.

Sasa ndiyo ufungue. Weka alama kila kofia kabla ya kuitoa, namba na upande, kwa sababu kofia ya silinda ya pili haiendi ya tatu hata kama inaingia. Metali isiyolika ni ya kijivu. Ukiona wekundu wa shaba, imelika. Pitisha ukucha kwenye jono la krenki, pale konrodi inaposhika: ukikwama, usidanganyike na msasa, peleka likapimwe kwa maikromita, likachongwe, ununue metali za saizi inayofuata, mara nyingi milimita 0.25. Fundi maiko, yule wa kubahatisha, atakwambia apige tupa kofia kidogo ili ibane. Mwingine atamwaga oili nzito na dawa ya chupa, mlio uzame kwa siku tatu, gari liuzwe. Achana nao.

Halafu jiulize metali ilikufa kwa nini. Mimi hufungua chujio la ndani ya sampu kila mara, na zaidi ya mara moja nimekuta limezibwa na vipande vya silikoni. Fundi aliyetangulia alipaka silikoni ya gasketi kama anapaka siagi kwenye mkate, ziada ikadondokea ndani. Ukifunga metali mpya juu ya chujio hilo, gari litarudi.

Ukishakaza kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, na kujaza oili, usiwashe. Toa plagi zote, zima mafuta, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izimike. Ndipo urudishe plagi. Usimkabidhi mtu funguo injini ikiwa baridi; nenda nalo mpaka Mbagala na urudi, katikati ya foleni, lichemke sawasawa, kisha fungua boneti usikilize tena silensa.