Jibu: Mbeya mpaka Arusha kwa gari, nipitie wapi?
Mkuu, we unaenda kusalimia washkaji Arusha na unauliza upite Moro au Dodoma, mi nasema pita Dodoma, lami mwanzo mwisho. Kabla hujaingia Iringa simama Isimila, zile nguzo za udongo zilizochongwa na maji na upepo ukiwa chini bondeni unaziangalia mpaka shingo inauma, halafu kuna zana za mawe za watu wa kale kabisa, usipige picha tu ukasepa, shuka na muongozaji taratibu. Mtera kula samaki, Dodoma lala. Kesho yake Kondoa, michoro ya mapangoni pale Kolo iko UNESCO tangu 2006, kuna kupanda kilima so vaa raba. Babati ziwani kuna viboko. Na wabebee mchele wa Kyela aisee, watafurahi sana.