Klabu za Wahispania za Tampa: ni za mpira?

SWALI: Jambo ndugu mhariri, nasikia Tampa kule Marekani kuko klabu za Wahispania za toka zamani, ni za mpira kama Mazembe na Lupopo ao? (Msomaji, Kamalondo, Lubumbashi)

JIBU: Hapana ndugu, si za mpira, hizo zilikuwa zaidi kama mutuweli zetu, ni kusema vyama vya kusaidiana. Mu 1886 fabriki ya Vicente Martinez Ybor, Muhispania wa Valencia, ilianza kutoa sigara kubwa pale, ndio mtaa wa Ybor City, watu wakatoka Hispania, Kuba na Sicilia kutafuta kazi. Klabu ya Centro Español ilianza 1891, ile ya Centro Asturiano 1902: kila mwezi unatoa franga kidogo, ukigonjwa munganga yuko, dawa iko, na Asturiano walijenga hata hospitali yao! Ila Wakuba weusi walitengwa juu ya ubaguzi wa rangi wa Florida, jimbo la Tampa, wakawa na chama chao, Martí-Maceo, na hii inaniuma sana.

Kile napenda zaidi ni musomaji wa fabriki: anakaa juu ya jukwaa, anasoma gazeti na riwaya kwa sauti kubwa, watumikaji wanakunja tumbako huku wanasikiliza, na wao wenyewe njo walikuwa wanamulipa, mpaka 1931 mabosi wakakataza. Jengo la Asturiano la 1914 lingali linasimama, na ukumbi wa tamthilia ndani.