Kijana mwenye disleksia na vichekesho vya Kichina

SWALI: Mimi ni Mtanzania, naishi Guangzhou na mume wangu ni Mchina. Mtoto wetu ana miaka 14, anasoma shule ya Kichina, na tangu darasa la tatu tuliambiwa ana disleksia. Wenzake wakitumiana vichekesho kwenye simu yeye hacheki, au hucheka mwishoni kwa kuwafuata. Je, disleksia inamzuia mtu kuelewa utani?

JIBU: Hapana mama, disleksia haimnyimi mtu ucheshi. Ni ugumu wa kusoma na kuandika maneno. Kijana anaweza kuwa nayo na bado akamwiga mwalimu wake mkavunjika mbavu. Nikisoma barua yako nahisi kinachompita ni aina moja tu ya vichekesho, nayo ndiyo Wachina wanayoipenda mno: kuchezea maneno yanayotamkwa sawa.

Kichina sanifu kina silabi za msingi kama 400 tu, na hata ukihesabu toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana, ni kama 1,300. Sauti moja hubeba maana nyingi, na katika maandishi herufi ndiyo inayozitenganisha. Mume wako bila shaka anaujua msemo unaomtaja Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, akihama nyumba: mizigo yote ni vitabu, yaani shū tupu. Lakini kushindwa nako ni shū, kwa toni ileile. Basi timu ikifungwa kila mechi, watu humtaja Confucius na kuhama kwake, wakacheka. Sisi tuna "paa amepaa juu ya paa". Kwao mchezo huu uko kila kona.

Na hapo ndipo penye taabu. Tafiti nyingi za disleksia ya Kichina zimeonyesha kuwa watoto hawa hupata shida kutambua kwamba shū hii na shū ile ni vipande viwili vya maana. Kichekesho kinamgusa mwanao palepale panapouma. Kwenye simu ni vigumu zaidi, maana wenzake huandika kwa makusudi herufi nyingine yenye sauti hiyohiyo. Akimaliza kuhangaika na herufi, hana tena nguvu ya kushika maana mbili kwa pamoja, na kundi limeshahamia kichekesho kingine.

Mpime nyumbani taratibu. Mwonyeshe katuni isiyo na maneno, kisha baba yake amsimulie kisa cha kuchekesha kisicho na mchezo wa sauti, halafu chenye mchezo huo, mwisho asome mwenyewe kingine cha aina hiyo. Usitazame kicheko, vijana hucheka kwa aibu. Mwombe akueleze kinachochekesha ni nini. Akikwama pale pa kusoma tu, shida ni maandishi. Akikwama kwenye mchezo wa sauti hata anaposimuliwa, anahitaji mazoezi ya maana za maneno. Lakini akishindwa hata katuni, au asipotambua anapotaniwa, usiisingizie disleksia: mpeleke kwa mtaalamu wa usemi na lugha amchunguze upya.

Mazoezi yenyewe ni mepesi. Msemo mmoja wakati wa chakula cha jioni, usemwe kwanza kwa mdomo. Muulize, "Shū nyingine ni ipi?" Akishaipata, baba aandike herufi zote mbili kubwa, ubavu kwa ubavu. Kesho yake, akipenda, awe yeye wa kwanza kuusema darasani.